Askari Asiye na Jina: Helldivers 2 na Swali la Nafsi

Anayesoma falsafa ya mtu hukutana mapema na Boethius, aliyefafanua nafsi kuwa ni kitu kimoja kinachosimama chenyewe, chenye umbile la kiakili. Sehemu ya akili huwa tunaijadili mpaka kengele inalia. Hilo neno "kimoja" tunalipita haraka, nami naona ndilo gumu zaidi. Mfano wa kulielezea nitautoa mahali ambapo wengi hawakutarajia: mchezo wa video uitwao Helldivers 2, ambao baadhi ya vijana wa parokia zetu wanaufahamu kuliko wanavyomfahamu Boethius.

Mchezo huo ulitoka tarehe 8 Februari 2024. Ulitengenezwa na studio ya Uswidi iitwayo Arrowhead na kusambazwa na Sony. Wachezaji hadi wanne huungana kwa intaneti wakawa kikosi kimoja, kila mmoja akiongoza askari wake huku kamera ikimfuata kwa nyuma. Wanatumwa na Super Earth, yaani dunia yetu ya kubuniwa ya siku zijazo, kwenda sayari za mbali kupigana na wadudu wakubwa na mashine zenye bunduki. Ni mchezo wa watu wazima. Barani Ulaya umewekewa alama ya miaka 18, na mzazi asidhani alama hiyo ni pambo la kasha.

Sasa tazama kinachotokea askari anapokufa. Mwenzake anabonyeza mishale michache, anarusha kidude kinachotoa mwanga, na muda mfupi baadaye kasha la chuma linashuka kutoka angani. Ndani yake yumo askari mwingine. Siyo yule wa kwanza aliyefufuka. Yule amekufa kweli na mwili wake umebaki pale matopeni. Huyu ni mtu mpya, aliyekuwa amegandishwa kwenye meli ya anga akisubiri zamu yake. Anaokota silaha ya marehemu na kuendelea. Kwa kawaida kikosi cha watu wanne huanza misheni kikiwa na nafasi 20 za kuongezewa askari, na nafasi hizo hutumika kama risasi: mtu anazihesabu, anazibania, anazimaliza. Mchezaji mwenyewe mara nyingi hata hatambui kwamba mtu amebadilika, kwa kuwa mavazi ni yaleyale.

Watunzi wamefanya hivyo makusudi. Helldivers 2 ni kejeli. Utawala wa Super Earth unajiita demokrasia, lakini ni demokrasia inayowasimamia raia badala ya kusimamiwa nao. Mabango yake yanahubiri uhuru, na miili ya wale wadudu inakamuliwa mafuta. Filamu ya Starship Troopers ya mwaka 1997, ya Paul Verhoeven, iliwahi kufanya mzaha wa namna hiyo, na alama zake zinaonekana wazi humu. Mzaha wenyewe unauma: serikali inayomsifu askari kwa sauti kubwa kuliko zote ndiyo isiyojua jina lake.

Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, alitofautisha bei na hadhi. Chenye bei kinaweza kuwekewa kingine mahali pake, na hesabu ikabaki sawa. Chenye hadhi hakina cha kuwekwa badala yake. Kanisa linakwenda mbali zaidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 24, unafundisha kwamba duniani binadamu ndiye kiumbe pekee ambaye Mungu alimtaka kwa ajili yake mwenyewe. Maana yake, Mungu hakumhitaji mtu wa kujaza pengo kisha akakuumba wewe. Alikutaka wewe.

Hapa inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo hata masikio huyachanganya: nafasi na nafsi. Nafasi hujazwa, na ni haki ijazwe. Katekista akihama, watoto wa Komunyo ya Kwanza lazima wapate mwingine. Frateri akiacha malezi, kitanda chake hupewa aliyejiunga mwaka huo, na zamu yake ya kuosha vyombo humwangukia mtu. Hakuna ubaya. Ubaya unaanza pale ambapo, kwa kuwa zamu imepata mtu, tunaona hakuna aliyeondoka. Sina hakika kwamba jumuiya zetu ziko salama sana kuliko Super Earth katika jambo hili.

Lakini mchezo huu una upande wa pili, nao ndio ulionisukuma kuandika. Mwaka huohuo wa 2024 wachezaji wote duniani walipewa amri ya kuchagua. Wakiikomboa sayari moja, wangepata silaha mpya, mabomu ya ardhini ya kuharibu vifaru. Wakiikomboa nyingine, wangewaokoa watoto wagonjwa walionaswa hospitalini. Muda wa kufanya yote mawili haukutosha. Watoto hao walikuwa maneno tu kwenye taarifa ya vita, na hakuna zawadi waliyoweza kutoa. Wachezaji wakaenda hospitalini. Baadaye studio ilichangia dola 4,311 kwa shirika la Save the Children.

Mtu atasema kuokoa mtoto asiyekuwepo si tendo la huruma. Kweli, siyo, kama vile kumpiga risasi mdudu wa kwenye kioo si kuua. Hata hivyo Mtakatifu Thomas wa Akwino hakuuchukulia mchezo kama kitu kisicho na uzito wa kimaadili. Katika Summa anafundisha kwamba roho huchoka kama mwili, na pumziko lake ni mchezo. Anakumbusha kisa cha Mtakatifu Yohane Mwinjili, aliyemuuliza mpiga upinde kama anaweza kupiga bila kukoma, akajibiwa kwamba upinde ungevunjika. Kisha anaweka masharti: pasiwe na uchafu wala madhara, utulivu wa roho usipotee, na mchezo umfae mtu, wakati na mahali. Kwa kipimo hicho, swali la kumuuliza kijana halikomei kwenye "umeua wangapi?" Mwulize pia anacheka nini yule askari mpya anaposhuka. Anayecheka kwa kuona upuuzi wa serikali ile ameielewa kejeli. Anayecheka kwa sababu mtu ameisha na mwingine amekuja bure, huyo wa kukaa naye chini na kuzungumza naye.

Kuna sayari ndani ya mchezo iitwayo Malevelon Creek. Vikosi vilipigania huko kwa majuma, vikashindwa, vikarudi, hadi ikakombolewa mwanzoni mwa Aprili 2024. Askari walioanguka pale hawakuwa na majina, na nafasi zao zilijazwa palepale. Lakini wachezaji hawakukubali ipite hivyohivyo. Waliizungumzia kama watu wanaozungumzia msiba. Studio ikatangaza tarehe 3 Aprili kuwa siku ya kuwakumbuka waliokufa huko, na kila mchezaji akapewa joho la kumvika askari wake, yule mpya, aliyevaa vilevile kama waliomtangulia.