SOMO: CHOMBO CHA TANGA HUANZIA SHAMBANI

Somo hili ni kwa ajili ya vikundi vya kujisomea vya vyama wanachama. Lisomwe kwa sauti, kisha maswali ya mwisho yajadiliwe kabla ya mkutano wa chama.

Utangulizi

Tarafa ya Turiani, chini ya milima ya Nguru wilayani Mvomero, haina bahari. Watu wake hujulikana kwa miwa ya Mtibwa na mpunga wa Mkindo, na wengi wao hawajapata kupanda mashua. Hata hivyo, mito ya Diwale na Mkindo huingia katika mto Wami, na Wami humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Saadani, kaskazini ya Bagamoyo. Huko pwani mafundi huunda vyombo vya tanga kwa mikono yao, ufukoni au uani mwa nyumba, bila kiwanda wala ramani ya karatasi. Wanachohitaji ni mbao zilizokomaa na kukauka. Wakulima wa Turiani wanayo miti, lakini mara nyingi mti huo huuzwa ungali umesimama, kwa bei iliyokadiriwa kwa macho.

Lengo la somo ni kumwonyesha mwenye mti jinsi chombo kinavyoundwa, ili ajue mti wake unatafutiwa kazi gani, na kukionyesha chama ni sehemu gani ya kazi hiyo inayokipasa.

1. Sehemu za chombo na miti yake

Uti wa mgongo wa chombo ni mkuku. Huu ni mti mmoja mrefu, mnyofu na mzito, ulalao chini kabisa. Mbele yake husimama mti wa kukatia maji uitwao hanamu, na nyuma husimama mti wa kubeba usukani. Mbavu za chombo huitwa mataruma, na juu ya mbavu hizo hupigiliwa mbao za ubavuni. Katikati husimama mlingoti, ambao hubeba foromali, nayo foromali hubeba tanga.

Kila sehemu ina mti wake. Kwa mbao za ubavuni hutafutwa mvule, mninga au msaji, kwa kuwa miti hiyo huvumilia maji. Mlingoti huhitaji mti mrefu wenye unyumbufu, kama mvinje. Mataruma hayahitaji mti mnyofu hata kidogo. Fundi hutafuta tawi lililopinda lenyewe, la mwembe, mfenesi au mlilana, kwa sababu nyuzi zake hufuata pindo. Taruma iliyochongwa kutoka gogo lililonyoka ina nyuzi zilizokatwa njiani, na hapo ndipo huvunjika chombo kinapopigwa na wimbi.

Mlilana ni miongoni mwa mikoko, nayo mikoko huhifadhiwa kwa sheria. Kwa hiyo tawi la mwembe wa shambani lina thamani kuliko wengi wadhaniavyo. Matawi ambayo mkulima huyachoma mkaa kwa sababu hayanyooki, huenda ndiyo hasa fundi wa Bagamoyo anayoyatafuta.

2. Msaji wa Turiani

Msaji, ambao wengine huuita mtiki, asili yake ni Bara la Asia. Ulianza kupandwa nchini tangu enzi ya Wajerumani, na leo Mtibwa kuna shamba kubwa la serikali la miti hiyo. Wakulima wengi wameiga, wakapanda misaji mipakani mwa mashamba yao.

Sifa ya msaji iko katika kiini chake, ile sehemu ya ndani yenye rangi ya kahawia. Kiini kina mafuta ya asili ambayo huzuia kuoza na kufukuza mchwa, wala hakiharibu msumari wa chuma. Sehemu nyeupe ya nje haina sifa hiyo. Huoza upesi kama mti wowote laini. Mti mchanga una kiini kidogo na weupe mwingi. Mkulima akatapo msaji ungali mchanga huuza hasa ule weupe, naye fundi aununuaye kwa jina la msaji huwa amenunua jina tu.

3. Ukaushaji

Hapa ndipo vyombo vingi huharibika kabla havijaundwa. Ubao mbichi ukipigiliwa kwenye chombo huonekana umekaa vizuri. Kisha chombo huvutwa ufukoni, jua la kaskazi hulipiga, ubao husinyaa, viungo huachana na misumari hulegea. Siku chombo kinaporudi baharini, maji huingia kwa nafasi nyingi kwa wakati mmoja. Kama ni usiku, na pwani iko mbali, kasoro iliyoanzia kwenye banda la mbao huweza kugharimu maisha ya watu.

Njia ya kukausha ni rahisi, ila yataka subira:

(a) Mbao zipangwe chini ya paa lenye hewa pande zote, zisiguse ardhi.
(b) Kati ya safu na safu viwekwe vijiti vyenye unene mmoja, vikipangwa juu ya vijiti vya safu ya chini.
(c) Ncha za mbao zipakwe rangi au nta, kwa sababu ncha hukauka haraka kuliko katikati na hupasuka.
(d) Safu ya juu iwekewe uzito ili mbao zisipinde.

Ubao wa unene wa inchi moja huhitaji miezi kadhaa, na ulio mnene zaidi huhitaji muda mrefu zaidi. Chama kisicho na kipimo cha unyevu kinaweza kutumia mizani: ubao mmoja uchaguliwe, upimwe, kisha upimwe tena kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, ubao umefikia ukavu wa mahali pale. Kwa chombo, unyevu wa asilimia 15 hadi 18 unafaa. Ubao uliokaushwa kupita kiasi nao haufai, maana huvimba mno majini na kusukuma misumari.

4. Jinsi chombo kinavyoundwa

Fundi huanza kwa kulaza mkuku juu ya magogo na kuunyoosha kwa kamba na timazi. Kisha husimamisha miti ya mbele na ya nyuma. Mafundi wengi wa pwani hupandisha mbao za chini kwanza, ndipo hutia mataruma yakifuata umbo la mbao. Wengine husimamisha mataruma machache mwanzoni yawe kigezo. Kwa mfano, chombo cha meta 6 chenye taruma kila sentimeta 40 huhitaji mataruma yapata 15.

Zana zake ni tezo, shoka, msumeno, patasi, randa na keekee. Tundu la msumari hutobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke, na msumari huzungushiwa pamba yenye mafuta kabla ya kupigwa. Baada ya hapo huja kazi ya kukalafati: pamba iliyolowekwa mafuta hushindiliwa katika kila kiungo. Kwa desturi, upande wa chini hupakwa deheni, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na upande wa juu hupakwa sifa, mafuta yatokayo katika maini ya papa.

Zamani tanga lilishonwa kwa kitambaa cha pamba kilichoitwa merikani, kwa kuwa kililetwa na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19. Chombo kipya kikishuliwa huvuja siku za kwanza mpaka mbao zivimbe. Lazima awepo mtu wa kufua maji.

5. Hesabu

Kiasi cha gogo hupatikana hivi: zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, kisha gawa kwa 12.57. Gogo lenye mzingo wa meta 1.5 na urefu wa meta 4 lina 1.5 × 1.5 × 4 ÷ 12.57, yaani meta za ujazo 0.72. Mbao zitakazopatikana zitapungua kiasi hicho, kwani sehemu kubwa huishia kuwa mabanzi na unga wa mbao.

Upande wa mnunuzi, chukua mfano wa hesabu tu. Chombo cha mbao mbichi kimegharimu Shs. 4,500,000 na kimedumu miaka 5. Kila mwaka kimekula Shs. 900,000. Chombo cha mbao kavu kimegharimu Shs. 6,000,000 na kimedumu miaka 12. Kila mwaka kimekula Shs. 500,000. Kilichoonekana ghali ndicho rahisi.

6. Kazi ya chama

Mkulima mmoja hawezi kungoja miezi kadhaa mbao zikauke, kwa maana ada ya shule haingoji. Hiyo ndiyo sababu huuza mti ukiwa umesimama. Chama chaweza kuondoa shida hiyo kwa utaratibu uleule unaotumika katika mazao mengine: gogo lipokelewe, lipimwe mbele ya mwenyewe, litiwe namba, na mkulima apewe stakabadhi pamoja na malipo ya awali. Mbao zikauzwe kavu, kisha alipwe malipo ya pili kwa namba ya gogo lake. Kitabu cha magogo kikaguliwe kama kitabu kingine chochote cha chama.

Kabla ya kukata au kusafirisha, chama kiulize ofisi ya misitu ya wilaya juu ya vibali na hati, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002.

Kuunda chombo kubakie pwani, palipo na mafundi na maji. Ni nafuu kubeba mbao kuliko kubeba mashua. Ila mauzo yafanywe, kadiri iwezekanavyo, baina ya chama na chama cha wavuvi. Ushirikiano baina ya vyama ni kanuni ya sita ya ushirika katika tamko la Shirikisho la Kimataifa la Ushirika la mwaka 1995. Mvuvi apate ubao anaojua ulikotoka, na mkulima apate bei ya mbao badala ya bei ya kuni.

Maswali ya kujadili

1. Katika kijiji chenu, misaji mingapi imeuzwa ikiwa imesimama mwaka uliopita? Nani alipanga bei?
2. Kwa nini tawi la mwembe lililopinda laweza kuwa na thamani?
3. Chama chenu kina banda linalofaa kukaushia mbao? Kama halipo, litajengwa kwa fedha gani?
4. Gogo lina mzingo wa meta 1.2 na urefu wa meta 5. Tafuta kiasi chake.
5. Malipo ya awali yawe sehemu gani ya bei, ili mkulima asaidike na chama kisipate hasara?