Weupe Usio Usafi: Tuitazame Filamu ya Kati Kati

Wanachama wenzangu, tukiambiwa kuna sinema, wengi wetu tunangoja ngumi na magari yakifukuzana. Kati Kati (2016), ya mwongozaji Mkenya Mbithi Masya, haina hayo. Hebu tuisome kama tunavyosoma shairi gumu.

Kaleche, aliyeigizwa na Nyokabi Gethaiga, anazinduka nyikani akiwa amevaa gauni la hospitali. Hakumbuki kitu. Anafika kwenye hoteli ya kitalii, na hapo Thoma (Elsaphan Njora) anamwarifu kwamba amekufa. Wote waliopo wamekufa. Wako katikati, si huku wala si kule.

Tusianze kubishana ati kuzimu ni hivyo au sivyo. Swali la filamu ni hili: ukipokonywa kumbukumbu, wewe ni nani? Hapa kwetu Awasi, jina Otieno linakuambia mtu alizaliwa usiku, na Onyango asubuhi jua likipanda. Jina linasema saa. Halisemi mwenye jina alitenda nini baadaye, na hapo ndipo filamu inapobana.

Sasa tuje kwa ishara. Filamu ni ya rangi, lakini anayekwepa maisha yake ya nyuma hugeuka mweupe, ngozi kama iliyopakwa chokaa. Darasani tumezoea kuandika "weupe = usafi" kisha tunangoja alama. Hapa tutakosa! Weupe huu ni ganzi; mtu anafutika akiwa bado anatembea. Maana ya ishara hutoka ndani ya kazi yenyewe. Hata Sembène Ousmane wa Senegali, katika La Noire de... (1966), filamu ya nyeusi na nyeupe, alitundika kinyago cha Kiafrika kwenye ukuta mweupe wa nyumba ya Wafaransa, anamotumikishwa msichana Diouana. Ukuta ule nao si usafi, ni upweke.

Kwangu mimi anayeumiza zaidi ni yule aliyekuwa mhubiri. Hatia yake inagusa ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Ghasia hizo zilifika Kisumu pia, kwa hiyo hatuwezi kumtazama kama mgeni. Kila mtaa una anayejua alichofanya siku zile, na bado tunaamkiana naye sokoni.

Mkiipata, mwangalieni sana Thoma. Majibu ya maswali ya Kaleche anayo. Anachobeba yeye mwenyewe sikisemi hapa, nisiwaharibie uhondo.