Mashine ya Kukata Stika: Soma Kabla Hujatoa Pesa ya Likelemba

Vijana kadhaa wamefika kwetu kuuliza habari za mashine ya kukata stika. Wameona maandishi yaliyobandikwa kwenye vioo vya maduka na milango ya magari huko Kinindo, kusini mwa Bujumbura, nao wanataka kujifunza. Ni jambo jema. Lakini zamu ya likelemba hairudi upesi, kwa hiyo usikimbilie mashine ya kwanza utakayoonyeshwa.

Fahamu kwamba mashine hii haichapishi rangi. Inashika kisu kidogo, inafuata mchoro ulio kwenye kompyuta, na kukata plastiki ya juu bila kutoboa karatasi ya nyuma. Bila kompyuta ni sanduku tu. Kama kikundi chenu hakina kompyuta, anzeni kwa mkono: wembe mkali, rula ya chuma na kipande cha kioo cha kukatia juu yake. Hasara yake ni ndogo.

Kuhusu ukubwa, Silhouette Portrait hukata upana wa sentimita 20 hivi, na Cameo ya kawaida sentimita 30. Zipo pia mashine kubwa za Kichina za kusimama, zinazopokea rola ya sentimita 61. Hizo ni za fundi mwenye wateja. Anayeanza atosheke na sentimita 30. Neno refu hukatwa vipande viwili na kuunganishwa wakati wa kubandika.

Jambo linalowaumiza wengi ni intaneti. Mashine za Cricut hutaka ufungue akaunti na kutumia programu ya kampuni. Machi 2021 kampuni hiyo ilitangaza kwamba asiyelipa kila mwezi ataingiza michoro 20 tu kwa mwezi. Wateja walipiga kelele, ikaacha mpango huo, lakini tumeona nani ameshika ufunguo. Kwetu, ambako mtandao hukatika, Silhouette inafaa zaidi: programu yake ya bure hufanya kazi bila intaneti. Toleo hilo la bure halifungui faili za SVG, basi chora kwa Inkscape, ambayo nayo ni ya bure, kisha hifadhi kwa DXF.

Umeme wenyewe si tatizo kubwa, kwani mashine ndogo hutumia wati 30 hivi. Kompyuta ndiyo hula zaidi. Soma tu adapta: iandikwe 100–240V. Ikiandikwa 110V peke yake, itaungua.

Ukinunua iliyotumika, usikubali kuonyeshwa taa ikiwaka. Mwambie muuzaji akate duara dogo mbele yako. Mwanzo na mwisho wa duara visipokutana, kisu kimekwisha au mashine imelegea. Uliza pia visu vya akiba vinapatikana wapi (cha digrii 45 ndicho cha stika za kawaida), na bei ya rola na ya karatasi ya kuhamishia herufi. Hesabu vyote pamoja.

Mwisho, nembo. Alama ya Msalaba Mwekundu inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, na ya Umoja wa Mataifa na azimio la Baraza Kuu la 1946. Gari lenye stika ya uongo linaweza kuwafanya watu wayatilie shaka hata magari ya kweli ya msaada. Atakayekuletea kazi hiyo, hata akilipa vizuri, mkatalie na uwaarifu wafanyakazi wa ulinzi wa wakimbizi.