SOMO: KUIONA TRENI USIKU PENYE KIVUKO CHA RELI

Msimu wa mazao unapofika, malori ya vyama hutembea hadi usiku, na mengi hayana budi kuvuka njia ya reli. Dereva hudhani kwamba hatari ni kichwa cha treni kumjia ubavuni. Lakini iko ajali nyingine: treni imekwisha kuingia kivukoni, kichwa kimepita na taa zake, na lori linakuja kuligonga behewa la katikati.

Asiyewahi kuendesha gari gizani huuliza: itakuwaje mtu asione kitu kikubwa kama behewa? Taa za treni humulika mbele, si ubavuni. Behewa la mizigo lina rangi ya kutu na masizi, wala halirudishi mwanga. Behewa bapa lisilo na shehena ni baya zaidi, kwani dereva huweza kuona juu yake taa za gari lililo ng'ambo, akadhani njia ni nyeupe. Lori liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde, na huhitaji zaidi ya mita 80 ili lisimame, hata breki zikiwa nzima. Taa zilizoinamishwa hazionyeshi kitu cheusi kwa umbali huo.

Nchini Marekani, ambako vivuko vingi havina vizuizi, Serikali ilitoa kanuni mwaka 2005 kwamba mabehewa ya mizigo yabandikwe ubavuni mikanda ya kuakisi mwanga, ya manjano au nyeupe, yenye upana wa sentimita 10 hivi. Injini zilipewa miaka 5, mabehewa miaka 10. Mkanda huo hauna waya wala betri. Ndani yake mna vijipande vidogo mno, mfano wa vioo, vinavyourudisha mwanga kulekule ulikotoka; basi taa za lori lenyewe ndizo zinazomwonyesha dereva behewa. Adui wake ni vumbi na masizi, na kanuni hiyo iliagiza kila mkanda ubadilishwe kabla ya kupita miaka 10.

Upande wa mbele ulishughulikiwa mapema zaidi. Kanuni ya mwaka 1996 iliagiza injini ziongezewe taa 2 chini, zifanye pembetatu na taa kuu. Taa moja gizani haidhihirishi umbali. Pembetatu hupanuka kadiri treni inavyokaribia.

Chama cha msingi hakina mamlaka juu ya mabehewa. Dereva wake aweza, hata hivyo, kupunguza mwendo kabla ya kivuko, kushusha kioo na kusikiliza, na pasipo mlinzi utingo atangulie kwa miguu. Tena tela ya chama iliyosimama barabarani usiku haitofautiani na behewa lile bapa. Katibu aijaribu hivi: asimame gizani mita 50 nyuma yake, ashike tochi karibu na jicho, amulike. Kiakisi kisipong'aa, kipanguswe. Kisipong'aa tena, kibadilishwe kabla tela haijapakiwa.