Tarakilishi Ikinyamaza: Kuitafuta Sauti na Picha Zilizopotea Katika Linux

Mwaka huu sitaandika kuhusu ngeli wala mnyambuliko wa vitenzi, manake wapo wenzangu wanaoyajua hayo kunishinda. Nimechagua somo ambalo kila aliyewahi kuketi katika maabara yetu ya tarakilishi analijua kwa uchungu. Unafungua video, picha inacheza, midomo inakwenda, lakini sauti hakuna. Ama sauti ipo na picha imekwama. Ama programu inakwambia tu kwamba haiwezi kufungua faili, basi, mambo yameishia hapo.

Kwa chama chetu jambo hili si mchezo. Ngano, nyimbo na vitendawili tulivyorekodi nyanjani kwa ajili ya fasihi simulizi vimo ndani ya tarakilishi hizo. Muhula uliopita tarakilishi 3 zilibandikwa karatasi yenye neno MBOVU kwa kukosa sauti, zikasukumwa pembeni zingojee kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Mbili kati yake zilipona bila kununuliwa hata waya. Ya tatu ilikuwa na ugonjwa wa kweli, nayo nitaifikia.

Tarakilishi zetu hutumia Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Ufini. Hatuulipii, na kila mtu anaruhusiwa kufungua na kutazama ulivyoundwa ndani. Wako wanaosema ati Linux ni ngumu. Mimi naona Linux haifichi maneno: ukiiuliza kuna nini, inakujibu. Shida ni kwamba hatuiulizi. Tunabonyeza hapa, tunabonyeza pale, tunazima na kuwasha, kisha tunatangaza kwamba spika imekufa.

Hebu fikiria mfereji wa maji ulioko karibu na jiko la shule. Asubuhi moja unaufungua, maji hayatoki. Je, utaanza kwa kufukua bomba lote hadi mtoni? La hasha! Utatazama kwanza kama mfereji wenyewe umefunguka, kisha bomba linaloingia hapo, kisha tangi. Sauti nayo ina bomba lake. Inaanzia kwenye faili, inafunguliwa na kodeki, inapewa seva ya sauti, seva inampa kiendeshi, kiendeshi kinaiamuru kadi ya sauti, kadi inaipeleka kwenye waya, na waya kwenye spika. Pakiziba mahali pamoja tu, wewe unasikia kimya kile kile. Kwa hivyo kazi yetu ni kutafuta mahali palipoziba, na tunaanza pale mfereji ulipo.

Chukua hedfoni ambazo una hakika ni nzima, kwa mfano zile ulizotoka kusikilizia redio kwenye rununu. Zichomeke kwenye tundu la kijani nyuma ya tarakilishi, si la waridi, kwa maana la waridi ni la maikrofoni. Ukisikia sauti, spika zako ndizo zenye kasoro, au hazikuwashwa, au hazina stima. Usicheke. Spika nyingi za mezani zina kitufe chao na waya wao wa stima, na vyote viwili husahaulika.

Kama bado ni kimya, fungua mipangilio ya sauti na utazame sauti inaelekezwa wapi. Hapa ndipo tarakilishi ya kwanza ilipopatikana. Skrini yake imeunganishwa kwa waya wa HDMI, na waya huo hubeba picha pamoja na sauti. Mfumo ulikuwa umeamua kuituma sauti yote kwenye skrini, na skrini ile haina spika! Maji yalikuwa yakimwagika vizuri kabisa, ila kwa jirani. Mtu alichagua tundu la kawaida badala ya HDMI, na sauti ikalipuka hadi darasa la jirani. Programu iitwayo pavucontrol huonyesha haya vizuri zaidi. Ina kijimstari kinachochezacheza sauti inapopita. Kikicheza na wewe husikii kitu, jua programu na kodeki hazina hatia, kizuizi kiko mbele yake.

Sasa tuingie kwenye dirisha la amri, lile jeusi ambalo wengi huliogopa bure. Andika:

aplay -l

Herufi ya mwisho ni l ya limau, si tarakimu 1. Amri hii inaorodhesha kadi za sauti ambazo Linux inaziona, kila moja na nambari yake ya kadi na ya kifaa. Kadi ikitajwa, shukuru, manake kiendeshi kinafanya kazi. Kisha andika:

speaker-test -D plughw:0,0 -c 2 -t wav

Zile nambari 0,0 ni kadi na kifaa, nawe uweke zile ulizoziona katika orodha. Katika tarakilishi nyingine HDMI ndiyo kadi 0 na tundu la hedfoni ni kadi 1, ndiyo sababu mtu hunakili amri ya mwenzake akashangaa haifanyi kitu. Mambo yakiwa mema utasikia mwanamke akitaja kwa Kiingereza spika ya kushoto kisha ya kulia. Bonyeza Ctrl na C kumnyamazisha. Amri hii huipita seva ya sauti na kuzungumza na kadi moja kwa moja. Mama huyo akisikika ilhali VLC haisikiki, kadi, waya na spika ni nzima. Umeondoa nusu ya bomba kwa amri moja.

Mama asiposikika na kadi ipo, andika alsamixer. Utaona nguzo za sauti zimesimama kama mabua ya mahindi. Chini ya kila nguzo kuna kijisanduku. Kikiwa na MM nguzo hiyo imefungwa mdomo, nawe nenda juu yake kwa mishale na ubonyeze M kuifungua. Kitufe cha F6 hukuwezesha kuchagua kadi nyingine. Sogea mpaka mwisho wa kulia utafute Auto-Mute Mode. Hicho ndicho kilichoinyamazisha tarakilishi ya pili. Kazi yake ni kuzima spika pindi hedfoni zinapochomekwa. Tundu la mbele la tarakilishi ile lilikuwa limepinda ndani, likawa linaripoti mchana kutwa kwamba kuna hedfoni ambazo hazipo. Auto-Mute ikazimwa, spika zikaamka. Tundu bado limepinda hadi leo na hakuna aliyejali.

Ya tatu ilijibu kwamba haioni kadi yoyote. Hapo unauliza swali la ndani zaidi:

lspci -k

Amri hii hutaja vipande vilivyounganishwa kwenye ubao mkuu, na chini ya kila kipande jina la kiendeshi kinachokihudumia. Kadi nyingi za kawaida huhudumiwa na kiendeshi kiitwacho snd_hda_intel. Kama kadi imetajwa lakini haina kiendeshi, tatizo ni la programu, na huenda mfumo mpya zaidi ukalitatua. Vipakatalishi vya Intel vya miaka ya karibuni, kwa mfano, huhitaji pia faili za Sound Open Firmware, na zikikosekana kadi huonekana kama haipo. Lakini kama kadi haikutajwa kabisa, tazama BIOS kwanza, huenda mtu aliizima huko. Ya kwetu ilikuwa imewashwa. Ikawashwa tena kwa Linux nyingine kutoka kwenye kidude cha USB, bila kugusa diski ya ndani, na jibu likawa lile lile. Hapo ndipo mtu anaweza kusema imekufa na asibishiwe. Hata hivyo tarakilishi yenyewe haikustahili kutupwa: kadi ndogo ya sauti ya USB huchomekwa na Linux huitambua mara nyingi bila kuulizwa.

Sasa nieleze jambo linalowachanganya wengi, yaani seva ya sauti. Ukiomba ushauri mtandaoni utapewa amri 10 zinazopingana. Sababu ni historia. Sehemu iitwayo ALSA, inayozungumza na kadi, ilianzishwa mwaka 1998 na Jaroslav Kysela. Juu yake ikaja PulseAudio, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Lennart Poettering, ili programu kadhaa zitoe sauti pamoja na kila moja iwe na kiwango chake. Ubuntu iliichukua mwaka 2008, na ushauri mwingi wa ‘ondoa PulseAudio’ ni wa enzi hizo. Kisha Wim Taymans akaunda PipeWire, ambayo hushughulikia sauti na video kwa pamoja. Fedora iliifanya seva yake ya sauti mwaka 2021, Ubuntu mwishoni mwa 2022. Kwa hivyo kabla ya kumeza dawa ya mtu, jua una mgonjwa gani:

pactl info

Tafuta mstari wa jina la seva. Ukiona PipeWire imetajwa, iwashe upya hivi:

systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse

Ukiona PulseAudio peke yake, pulseaudio -k inatosha, itajiwasha yenyewe. Usitangulize sudo katika zote mbili, kwa sababu seva hii ni ya mtumiaji wala si ya mfumo mzima. Na kama mwenzako akiingia kwa jina lake anasikia sauti na wewe husikii, basi uozo uko kwenye mipangilio yako binafsi. Kwa PipeWire ya siku hizi tazama .local/state/wireplumber ndani ya makao yako. Ibadilishe jina, usiifute, kisha utoke na kuingia upya.

Nimefika kwenye faili, na hapa naomba mtulie kidogo. Faili ya video ni kama kikapu. Jina la mp4 hutaja aina ya kikapu, halisemi ndani mna mahindi au maharagwe. Kodeki ndiyo ijuayo kupika kilichomo. Mifumo mingi ya Linux haikupakia kodeki fulani kwa sababu ya hataza. Zile za MP3 ziliisha mwaka 2017, lakini nyinginezo zipo. Ndiyo maana kichezeshi kilichokuja na mfumo kinaweza kukataa faili ambayo VLC inaicheza bila wasiwasi, kwa vile VLC huja na kodeki zake. Tena VLC ilitokana na mradi wa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996. Wanafunzi kama sisi! Katika Ubuntu unaweza pia kusakinisha ubuntu-restricted-extras, na katika Mint ni mint-meta-codecs.

Mwanachama mmoja alimrekodi nyanya yake akisimulia ngano, na kwa vile ishara za mikono na uso ni sehemu ya usimulizi, alirekodi video. Rununu ikaisha chaji katikati ya masimulizi. Faili ilipoletwa maabarani VLC yenyewe ilikataa, na ushauri uliotolewa ukawa mmoja: imeharibika, futa. Nyanya huyo sasa hasemi vizuri kwa sababu ya ugonjwa, hivyo hakuna kurekodi mara ya pili. Kabla ya kufuta, faili iliulizwa. Amri ya ls -lh ilionyesha kwamba ina uzito wa megabaiti mamia, kwa hivyo si tupu. Na ffprobe ikajibu ‘moov atom not found’.

Maneno hayo yana maana kamili. Katika kikapu cha mp4 kuna yaliyomo, yaani fahirisi inayosema kila kipande cha picha na sauti kiko wapi, na rununu kwa kawaida huiandika mwishoni, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Chaji ikiisha kabla, kurasa zote zipo ila yaliyomo hayapo. Iko programu ya bure iitwayo untrunc. Unaipa faili mbovu pamoja na faili nzima iliyorekodiwa kwa rununu ile ile na mipangilio ile ile. Inajifunza mpangilio kutoka kwa ile nzima, inaandika faili mpya, na ile ya zamani haiguswi. Haifaulu kila mara. Kwa nyanya ilifaulu: ngano ilirudi yote isipokuwa sekunde chache za mwisho, na mpaka leo tunabishana sungura alimjibu nini fisi.

Kuhusu picha nitapita haraka. Video ikikwamakwama katika tarakilishi kuukuu, mara nyingi kichakato kinafanya kazi peke yake bila msaada wa kadi ya picha. Amri ya vainfo itakueleza kama msaada huo upo na kwa kodeki zipi. Kama haupo, chagua video ya ubora wa chini kama 480p, maisha yaendelee. Kamera nayo ikigoma, v4l2-ctl --list-devices itakwambia kama imeonekana, na ukumbuke kwamba baadhi ya vipakatalishi vina kifuniko kidogo mbele ya kamera.

Sisi wa shule ya kutwa tuna dakika 40 tu maabarani kabla ya kukimbilia matatu, kwa hivyo kuna daftari jipya karibu na mlango. Tarakilishi yako ikinyamaza na muda ukakuishia, usiandike ‘haina sauti’. Andika nambari ya tarakilishi, hedfoni zilisema nini, majibu ya aplay -l na pactl info neno kwa neno, na ni faili zote zinazogoma au ni moja tu. Atakayeketi hapo kesho ataanzia ulipoachia. Kalamu imefungwa kwa uzi, tafadhali iacheni hapo.