Kulia Ini, Kushoto Bandama

Sisi tunaosomea ualimu wa biolojia mchoro huu tunao kichwani: ini kulia chini ya mbavu, bandama kushoto. Wengi tuliukariri kwa ajili ya mtihani, basi. Lakini kwa mama mjamzito, maumivu ya sehemu hizo si ya kupuuzwa, na wajawazito tunao humu humu, hosteli na madarasani.

Tuanze kulia. HELLP ni ugonjwa wenye undugu na kifafa cha mimba. Jina hilo lilitolewa na daktari Mmarekani, Louis Weinstein, mwaka 1982. Mambo matatu hutokea pamoja: chembe nyekundu za damu hupasuka, ini huumia na vimeng'enya vyake huvujia kwenye damu, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, hupungua. Mara nyingi huja miezi mitatu ya mwisho, pengine hata siku mbili baada ya kujifungua. Mama anaumwa chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, anatapika, kichwa kinamgonga. Mtego uko hapa: dalili hizo zinafanana na za kiungulia, vidonda vya tumbo, hata malaria. Kwa kawaida presha hupanda, ila wapo ambao haipandi. Kwa hiyo kupima presha peke yake hakutoshi, damu nayo ipimwe. Tiba yenyewe ni kumzalisha. Akicheleweshwa, ini linaweza kuvuja damu, hata kupasuka.

Sasa kushoto. Ateri inayopeleka damu kwenye bandama inaweza kutuna kama puto. Ni nadra sana, ila ujauzito huongeza hatari ya puto hilo kupasuka, kwa sababu damu huongezeka mwilini na homoni hulegeza kuta za mishipa. Maumivu huja ghafla, pengine yakapanda hadi bega la kushoto, kisha mama anazimia. Kwa wengine damu huzuiliwa kwanza kwenye uwazi mdogo nyuma ya mfuko wa chakula, mama akapata nafuu kidogo. Nafuu hiyo isikudanganye. Damu ikishindwa kuzuilika humo, anahitaji upasuaji hapo hapo.

Kwa hiyo mwenzako mjamzito akilalamika tumbo la juu, usimpe dawa ya kiungulia ukamwambia alale. Muulize: upande gani? Limeanza lini? Kichwa je, macho yanaona vizuri? Kisha mpeleke hospitali usiku huo huo, na majibu hayo mwambie nesi wa zamu.