Somo la Kuchuja Kahawa Nyumbani

Mti wa kahawa hukaa miaka mitatu au minne ndipo uzae. Mkulima wa milima ya Kivu huupalilia siku hizo zote, kisha huchuma matunda mekundu kwa mkono. Kahawa hiyo ikifika kwetu Karavia, Lubumbashi, twaiharibu kwa dakika kumi: twauchemsha unga wake sufuriani mpaka uwe mchungu, kisha twauficha uchungu kwa sukari. Iko njia iliyo bora.

1. Maji. Usichote maji ya kijito kipitacho penye mgodi au kiwanda cha shaba, hata yakiwa meupe. Moto huua vijidudu vya ugonjwa, lakini hauondoi madini. Wala kitambaa hakiyazuii. Tumia maji yajulikanayo kuwa mema ya kunywa.

2. Kukaanga. Weka kikaango juu ya mbabula yenye makala ya moto wa kiasi. Koroga bila kuacha. Punje zikipasuka kwa mlio na kuwa rangi ya udongo mwekundu uliokolea, epua upesi, uzipepete katika ungo zipoe. Zikiwa nyeusi kama makala, zimeungua.

3. Kutwanga. Twanga zile tu utakazonywa leo. Zilizobaki zifunike katika kopo kavu. Unga uwe kama mchanga, usiwe kama vumbi.

4. Kitambaa. Shona mfuko wa amerikani, uuchemshe kabla ya kuutumia. Baadaye uoshe kwa maji matupu, usitie sabuni, maana harufu yake hubaki.

5. Kuchuja. Kwa kikombe kikubwa cha maji (robo lita), tia gramu 15 za unga, yaani vijiko viwili vikubwa vilivyojaa. Hapa petu, kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, maji huchemka kwenye digrii 96. Basi yakichemka yafaa mara moja. Lowesha unga kwa maji kidogo, ngoja nusu dakika uumuke. Kisha mimina polepole kwa kuzungusha. Kazi iishe kwa dakika tatu au nne.

Kahawa ikiwa chungu, kesho twanga kwa ukubwa zaidi. Ikiwa nyepesi na kali kama ndimu, twanga laini zaidi.

Maswali: Kwa nini kuchemsha hakutoshi kwa maji ya mgodini? Kwa nini mfuko hauoshwi kwa sabuni?